Kichwa cha Manase, Mikono ya Mtu Mwingine

Tumainieli, hiyo simu iweke kule kabatini kwenye vyombo, uso chini, nakujua wewe, ukikohoa tu Same mjini wanasikia. Beatrice, sogea, kaa hapa kitandani, miguu haiumi ukikaa, inauma hata usipokaa. Haya. Kabla sijafungua mdomo mniapie. Si kuapa kule kwa kanisani, mtu anaapa huku jicho liko kwa msimamizi wa bibi harusi. Shikeni magoti yangu, haya haya yaliyovimba, mseme: jina atakalolitaja shangazi leo, likitoka humu ndani, ulimi wangu ukauke. Sema, Tumainieli. Sauti! Ungekuwa unagombana na jirani ungesikika mpaka kijiji cha Kisiwani. Ahaa. Mmeapa. Na anayetaka kucheka acheke, mimi mwenyewe nacheka, maana Raheli binti Manase kumwapisha mtu atunze siri ni sawa na fisi kuhubiri juu ya mifupa. Hahahaa! Najua mnaniita redio. Niiteni tu. Lakini hili moja redio imelikalia kimya tangu tumzike baba yenu, na nyie mngekuwa na akili kidogo ningekufa nalo. Hamna. Ndiyo maana nasema.

Sikieni basi, watoto wa kaka yangu. Mimi nakwenda. Daktari kule chini amesema nirudi nyumbani nikapumzike, na hata mtu aliyeiona shule kwa dirishani kama mimi, neno hilo la kupumzika halimpigi chenga. Sikujaliwa kuzaa, ninyi ndio tumbo langu, kwa hiyo haya ninayosema ndiyo wosia, hakuna mwingine, msije mkaanza kupekua chini ya godoro, chini ya godoro kuna kunguni tu.

Na kilichonifanya niwaite kabla pumzi haijakata ni ile picha. Alhamisi mnashuka barazani, kesi ya shamba inasikilizwa, na picha ya babu yenu mmeifunga kwenye shuka kama mtoto mchanga. Mnakwenda kuwaambia wazee wa baraza: hii hapa, babu yetu Manase anapanda mche wa isale la mpaka kwenye mwamba, na mwamba wenyewe uko chini ya jiko la jirani yetu Aminieli, kwa hiyo nyumba ya Aminieli, na jiko lake, na migomba yake, na mama yake mzazi, Agatha, wote wamekaa ndani ya shamba letu, wahame. Si ndivyo? Yaani bibi wa watu atoke kwenye nyumba aliyoletwa akiwa msichana, azeeke kwenye chumba cha kupanga mjini, kwa sababu ya picha. Isale nani asiyelijua? Likishapandwa mpakani halikanyagwi, halikatwi, mbuzi akilila mwenye mbuzi anajieleza. Ndiyo maana mmeona mkipata picha ya Manase ameshika isale mmemaliza kazi.

Tumainieli, hebu niambie mbele ya dada yako. Picha ile toka mnazaliwa ilikuwa ndefu kama mlango wa chooni. Mbona sasa imekuwa fupi? Niseme mimi? Umeipeleka stationery pale stendi ukawaambia wakate juu, wakakata, wakaivisha na plastiki, inang'aa kama kitambulisho. Na nilipokuuliza ulinijibu nini? "Shangazi, ile juu ilikuwa madoa ya dawa." Madoa ya dawa! Nishikeni, mbavu zangu jamani! Ndiva nzima! Ndiva ya Vudee, bwawa ambalo wazee walilichimba kwa msaragambo, kijiji kizima na majembe, limening'inia angani juu ya kichwa cha Manase kama sufuria iliyofunikwa kifudifudi, maji hayamwagiki, ng'ombe wamesimama ukingoni miguu juu, hawadondoki, na mmoja anakunywa, wewe unaita madoa! Ungekuwa unaamini kweli kwamba ule ni ushahidi, ungekwenda na mbingu yake. Umeikata kwa sababu ulijua mzee mmoja wa baraza atavaa miwani aulize, kijana, haya maji yanafanya nini kule juu? Mwizi wa kuku anajifuta manyoya. Wewe umejifuta bwawa.

Nitulie. Nipe maji, Beatrice. Hapana, si hayo, ya kwenye kibuyu, hayo ya chupa yana ladha ya plastiki.

Sasa niwaambie ilivyotengenezwa, maana nyie mmekula, mmesoma, mmevaa viatu kwa hela za picha, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza baba yake anafanyaje. Kaka yangu Eliezeri alikuwa na studio karibu na reli. Mbele chumba chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, nyuma chumba cha giza. Mchana anapiga paspoti na watoto wa kipaimara, wamekakamaa kama miwa. Jua likishuka anafunga mlango, anawasha kitaa chake chekundu, anaanza mambo yake. Alikuwa na mashine mbili za kukuzia picha, moja alinunua kwa Mhindi aliyekuwa anahama, moja aliiunda mwenyewe kwa kopo la maziwa ya unga. Anatia negativu hii kwenye mashine hii, na ile kwenye ile, halafu karatasi moja inapita chini ya zote mbili, na yeye kwa viganja vyake anauzuia mwanga huku, anauachia kule. Alikuwa akisema mwanga una zamu kama maji ya ndiva: ukijua kuufungua na kuuziba, unamwagilia mgomba wa jirani na mgomba wenyewe usijue.

Basi akatoa mambo huyo mtu! Mkonge wa kule tambarare, badala ya majani una vidole vya watu. Mlima Shengena umekaa ndani ya kikombe cha kahawa, na ukungu wake ndio mvuke. Mwanamke anachana nywele, nywele zinakuwa mizizi, mizizi inaingia kwenye ukuta wa kanisa na ukuta umepasuka. Hiyo ya ukuta ndiyo iliyomponza. Wazee wa kanisa wakasema huyu anachezea maiti, huyu ana majini ya kule chini, watoto wasipite mbele ya dirisha lake. Haya. Jumapili mzee wa kanisa anamsema. Jumatatu jioni mzee huyo huyo anagonga mlango wa nyuma, kofia mkononi, na kipicha cha mama yake aliyekufa kimefungwa kwenye leso. "Eliezeri, mwanangu anaoa. Huwezi kumtia bibi yake pale pembeni? Asiwe mkubwa sana. Achungulie tu." Achungulie tu! Na Eliezeri anamtia. Ingieni nyumba yoyote huku mlimani, angalieni picha za harusi za wakati ule, kila moja ina marehemu mmoja amesimama nyuma na miguu haigusi chini. Na wenye nyumba hao ndio waliomwita mchawi. Niliwadharau wakiwa hai, nawadharau sasa, na nikifika huko nitawakuta wamekaa viti vya mbele niwadharau upya.

Na waliomuiga je! Oooh, waliomuiga! Mkija kunionyesha albamu zenu za harusi mnadhani natoa machozi ya furaha. Bibi harusi amekaa ndani ya glasi ya mvinyo. Bwana harusi amesimama kwenye kiganja cha mke wake kama panzi. Marehemu anatabasamu mawinguni na njiwa wawili, na tarehe chini. Tumainieli, ya kwako wewe ulikuwa unatoka ndani ya ua la waridi, mtu mzima na kitambi! Eliezeri alitundika bwawa angani mpaka mtu mzima akashika ukuta asianguke, hawa wanamtumbukiza bibi harusi kwenye glasi na wanalipisha zaidi. Mbegu ilikuwa ya mbuyu, wao wameotesha mchicha.

Aliyeelewa ni mmoja tu, yule binti Sabrina aliyekuja mwaka jana kutoka Dar na kamera yake. Naye simsifu sana, ana kucha kama mwewe na anasema "wow" kila neno la tatu. Akaniambia kuna jina la sanaa ile, sanaa ya ndoto, Wazungu wanaisomea, akalitaja mara nyingi, ulimi wangu wa makande haukuliweza. Akasema vijana kibao huko mjini wamejifunza kwa picha za Eliezeri, picha wamezionea kwenye simu. Nikamwambia, mwanangu, huku kwao wanasema ni madoa. Lakini nilimwona alivyoshika negativu. Aliosha mikono kwanza, akazishika kwa pembeni, na alipofika kwenye ng'ombe anayekunywa maji kichwa chini, akacheka. Alicheka pale penye kucheka. Nyie mmekaa chini ya wale ng'ombe miaka yote mnakula ugali, hakuna aliyecheka.

Sasa tufike kwa Manase mwenyewe. Babu yenu mnamsifia kwenye matanga ya watu, mzee alikuwa mkulima hodari, mzee alipanda. Alipanda nini? Baba yangu alikuwa mtu wa kesi. Mpare anauza ndama kuendeshea kesi ya kuku, watu wanasema utani. Kwetu haukuwa utani, ndama nilimfungua mimi kamba. Na kuku mwenyewe alikuwa ameshakufa kwa kideri. Asubuhi mama anachukua jembe, baba anachukua koti. Alikuwa na benchi lake pale mahakamani, akikuta mtu amelikalia anamwangalia mpaka anahama. Viganja vyake vilikuwa laini kama maandazi. Mkimwona kwenye ile picha ameinama, mnadhani ameinamia isale? Alipigwa picha ile studio, mbele ya pazia la maporomoko, na alichoshika ni ufagio! Alikuwa amekuja kumsemesha Eliezeri kwa nini sakafu ni chafu, akachukua ufagio kumwonyesha namna ya kufagia, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, Eliezeri akapiga. Na ule mwamba, Tumainieli, ambao wewe umewapeleka watu na kamba ya kupimia chini ya jiko la Aminieli ukasema ndio wenyewe, ule ni mwamba wa Kisiwani, wa pembeni ya barabara, mbuzi wa watu wanapandaga. Unasema unafanana. Mwamba na mwamba! Upareni kote ni miamba, utamfukuza nani abaki nani?

Kwa hiyo kichwa na mgongo ni vya Manase. Mwamba wa Kisiwani. Maji ya Vudee. Na mikono? Mikono inayoshindilia udongo kwenye shina la isale? Leteni picha karibu. Haya, angalieni. Toka lini babu yenu akawa na vidole vile? Mikono ile ni ya mwanamke.

Msiniulize jina bado. Alikuwa mke wa mtu, kijana, na Eliezeri alikuwa amempiga picha akiwa shambani, mikono tu, kwa ruhusa yake, akamwambia ukishuka mjini pita uione. Siku ya soko akashuka na tangawizi zake, akauza, akapita. Eliezeri akamwambia, "Shemeji, umekuja wakati mzuri, ingia nikuonyeshe inavyozaliwa." Akamwingiza chumba cha giza. Acheni kuinua nyusi! Nilikuwa wa kwanza kuinua za kwangu, zikachoka zikashuka. Haikuwa hivyo. Ingekuwa hivyo ningeshasema siku nyingi, hahaha, ningeweza kweli kukaa nayo?

Mama wa watu alisimama pale kwenye giza jekundu anashika kanga yake. Harufu ya dawa kama siki imepanda puani. Hajui aangalie wapi, na anawaza, mtu akinikuta humu nitasema nini, nimefuata paspoti? Eliezeri hamwangalii hata. Ana beseni, ndani ya beseni karatasi nyeupe, hakuna kitu, anaitikisa polepole kama anapepeta mchele. Mama anafikiri moyoni, kumbe kweli huyu ni mwehu, ananionyesha karatasi inaoga. Halafu kikaingia kivuli. Mwamba ukaja kwanza, ukafuata ukingo wa ndiva kule juu, halafu kichwa cha mzee Manase kikaibuka kwenye maji, na mzee muda huo yuko hai, yuko mahakamani anagombana! Yule mama alitaka kupiga kelele akajiziba mdomo na kanga. Kisha kwenye ncha za mikono ya mzee vikaja vidole, kimoja kimoja, na kidole kidogo kimepinda, kilivunjwa na mchi utotoni.

"Shemeji! Hiyo mikono ni yangu!"

"Taratibu. Bado haijakolea."

"Mbona umenivalisha mzee Manase?"

"Mzee hana ya kwake. Nimemwazimia."

Alicheka yule mama mpaka akagonga taa. Halafu kicheko kikakatika. Akasema, "Mume wangu akiiona ataijua. Ataniuliza nimekuja kufanya nini humu." Eliezeri akaitoa karatasi kwenye beseni, inachuruzika, akaiangalia, akasema, "Watu hawaangalii mikono, shemeji. Wataangalia maji." Na kweli. Nyie si mashahidi? Toka mzaliwe mmeangalia maji, sasa mmeyakata, na mikono bado hamjaiona.

Akaitundika dirishani. Watu wakaja wakashangaa, kuna mzee mmoja wa Vudee alishuka kwa miguu kuuliza hayo maji yatateremshwa lini na zamu ya kwanza ni ya nani. Hahahaa! Mungu amrehemu, huyo ndiye pekee aliyeuliza swali la maana. Halafu Manase akatoka mahakamani, akapita, akajiona. Akasimama pale barabarani akaangalia viganja vyake, akaangalia picha, akaangalia viganja.

"Eliezeri! Hii mikono si yangu!"

"Ndiyo, baba. Yako ilikuwa mahakamani."

Wee! Mnajua alifanya nini? Alirudi mahakamani palepale, koti halijapoa, akamshtaki mwanawe wa kumzaa kwa kumwibia kichwa. Msicheke, nilikuwepo, nilibeba chakula. Mahakama ilijaa kama kipaimara. Babu yenu akasimama kizimbani, akashika Biblia, akaapa mbele ya Mungu na Wapare wote: mikono ile si yake, isale lile halijui, na maisha yake yote hajawahi kupanda isale mahali popote. Umesikia, Tumainieli? Aliapa! Wazee waliosikia kiapo kile wengine bado wanatembea, mmoja amekaa kwenye baraza hilo hilo mnalokwenda. Utasimama mbele yake na plastiki yako umwambie babu alipanda? Babu mwenyewe alikataa kwa Biblia!

Hakimu alikuwa anauma midomo asicheke. Akamwuliza Eliezeri, basi mikono hii ni ya nani? Akauliza tena, na mara ya tatu. Na mume wa yule mama amekaa benchi la tatu anatafuna karanga, anacheka kuliko wote, anasema kwa sauti, "Aseme tu, tumjue mwenye kidole kibovu!" Na mke wake amekaa pembeni yake na mikono ameificha chini ya kanga. Neno moja tu la Eliezeri, ndoa imekwisha, na watoto, na jina. Eliezeri akasema, "Mheshimiwa, sitasema." Wakamtia ndani kwa kiburi. Alilala huko na kunguni. Baba ndiye aliyemshtaki na baba ndiye aliyempelekea makande, anamlisha kwa dirisha huku anamtukana. Mpaka hakimu akachoka, akamtoa, akamaliza kesi kwa kusema picha apewe mwenye kichwa.

Ndiyo maana ilikuwa sebuleni. Hamkujua, ee? Mlidhani imetundikwa kwa heshima ya kilimo. Manase aliitundika kwa sababu ndiyo kesi pekee aliyowahi kushinda! Alikuwa anakaa chini yake na pombe yake ya dengelua, mgeni akiingia anaambiwa, "Hiyo nilimshinda mwanangu." Eliezeri aliitengeneza kumcheka mtu anayeacha shamba na kushinda mahakamani. Na nyie wajukuu mmeichukua picha ya kucheka kesi, mkaenda nayo kwenye kesi. Nimeishi miaka mingi, nimeona wajinga wa kila rangi, lakini kwa hili nawavulia kilemba.

Ngojeni. Kifua... Hapana, usiniinue. Niache hivi hivi.

Sikieni sasa, yanabaki machache. Nyumba hii ni ya Beatrice, kwa sababu ndiye anayejua bati gani linavuja. Ng'ombe mkubwa ni wa Tumainieli, na namkataza kumuuza kuendeshea kesi yoyote, hata akishtakiwa na malaika. Sanduku la bati la negativu, na ile mashine ya kopo la maziwa, ni za Sabrina, nilishampigia, alishafika, alishachukua, mlikuwa mjini mnakatisha mbingu. Negativu ya Manase na ufagio anayo. Alhamisi atakuwa pale nje ya baraza. Mkiingia na picha, naye anaingia na ufagio. Mkienda kuifuta kesi, atakula nanyi chapati arudi zake Dar. Mimi sina shule, lakini nami ni binti wa Manase.

Na ile mbingu mliyokata, iko wapi? Iko wapi, Tumainieli? Kwenye buti la gari. Itoe. Iunge na mwenzake hata kwa gundi ya viatu, itundikwe. Mkipata wajukuu muwaonyeshe ng'ombe.

Nani kazima taa? Haijazimwa? Basi.

Mungu awabariki. Hamstahili, lakini si mimi ninayegawa. Awape mvua kwa wakati, awape majirani wenye subira kuliko yenu. Tumainieli, akupe aibu, aibu ni dawa nzuri, inywe ikiwa ya moto. Beatrice, wewe... wewe ulikuwa unacheka kama mimi. Usiache.

Sasa jina. Karibuni, sauti haifiki.

Mwaka wa picha ile, mvua iliporomosha mteremko wa mpakani ikabeba masale yote. Mpaka haulali wazi. Nyumba zote mbili lazima zipande pamoja. Baba yuko mahakamani. Zebedayo, jirani yetu, yuko kwenye mkonge. Wakapanda wake zao. Mama yangu alishika mche, kwa upande wetu. Mke wa Zebedayo akapiga magoti, akashindilia. Eliezeri akapiga picha. Pale pale masale yalipo leo. Huo ndio mpaka. Mlikuwa mnapeleka barazani... mikono ya mtu mnayemfukuza.

Agatha. Mama yake Aminieli.

Ndiye aliyenisimulia, tukichambua maharage, wiki tuliyomzika Eliezeri. Alilia kidogo, akacheka sana. Na hapa ninaponuka vizuri hivi mnadhani naogeshwa na nani? Nyie? Anakuja kila asubuhi na ndoo ya maji ya moto. Toka mfungue kesi hamjamwamkia yule mama. Kesho akiingia...

Tumainieli. Anza wewe. Shikamoo. Kwa mikono miwili.